Kabla Hujafungua Mfuniko wa Karo

Asifiwe mwanangu,

Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na najua mtaimba mpaka giza liingie. Nimepata nafasi. Nimekaa mezani, upepo unapigapiga bati kama kawaida yake, na begi lako liko mlangoni limeshafungwa. Sitakuandikia habari za blanketi wala za kuficha nauli. Hayo umeyasikia wiki nzima mpaka ukaniambia, "Mama, nimeelewa, mimi si mtoto." Nakuandikia yale ambayo kila nilipotaka kuyasema nilijikuta nazungumzia blanketi.

Siku uliponiambia umepata nafasi chuo cha maji, tena kwamba umeomba mwenyewe kusomea majitaka, nilikujibu vibaya. Nilisema, "Kozi zote zilizopo duniani, wewe umechagua mavi ya watu?" Ukachukua ndoo ukaenda bombani. Uliporudi uliniuliza kitu kimoja tu: "Mbona wewe kazi hiyo unaifanya?"

Nilijifanya nachochea moto.

Baba yako unamkumbuka vipande vipande, maana alipokufa ulikuwa darasa la tatu. Obadia alikulia Ludewa, upande wa Mchuchuma, na ujana wake wote aliambiwa makaa ya mawe yataanza kuchimbwa mwaka ujao na vijana wote watapata kazi. Akasubiri. Akalima mahindi huku anasubiri. Mwisho akasema mwaka ujao hauliwi, akadandia lori la mbao, akashukia hapa Makambako. Kazi aliyoipata ilikuwa kwenye gari la majitaka la mzee mmoja mfanyabiashara. Mzee alimfundisha kazi kwa kinywa, hata injini haijapoa: hili ndilo bomba, hapa unawasha, hapa unazima, ukimaliza nawa mikono. Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo ya baba yako.

Mimi nilimwonea aibu. Wewe unakumbuka alivyokuwa akioga nyuma ya nyumba kabla ya kuingia ndani, hata Julai baridi ikiwa inakata masikio. Labda ulidhani ni tabia yake. Nilimwambia mimi. Na pale usharikani mzee wa kanisa alipomuuliza anafanya kazi gani, nilidakia mimi nikasema, "Ni dereva." Hakuwahi kuendesha hata trekta. Aliitikia kwa kichwa tu, akatazama viatu vyake. Tuliporudi nyumbani hakunigombeza. Angenigombeza ningepata pa kushika.

Sasa mjomba wako Festo. Huyu unamkumbuka zaidi, kwa sababu alikuwa akikubeba mabegani akikuita mchumba. Alikuwa Lupembe kwa bibi yako, anachuma chai. Mwaka ule lori la kukusanya majani lilikuwa linachelewa kila mara, majani yanaungua kwa joto ndani ya magunia, na kazi ya kutwa nzima inamwagwa kando ya barabara. Festo akachoka, akaja kwetu. Akakaa. Kijana mzima anafagia uwanja ambao umeshafagiwa.

Na kwenye lile gari watu walikuwa hawakai. Anakuja mmoja, anafanya kidogo, anaona watu wanamkwepa sokoni, anaondoka. Mzee mwenye gari alikuwa akimwambia baba yako kila siku, "Niletee mtu. Yeyote mwenye mikono." Nikasema mtu si huyu hapa? Obadia akakataa.

"Ile kazi haina mwalimu," alisema. "Mimi mwenyewe nabahatisha. Kuna siku nafungua karo la choo, kichwa kinaniuma mpaka kesho yake, na sijui kwa nini."

Unajua nilimjibu nini? Nilisema, "Kwani kunyonya choo kunahitaji chuo?"

Nilirudia maneno hayo mara nyingi, kwa sauti ya kucheka na kwa sauti ya kununa, mpaka akakubali. Akasema, "Sawa, Mama Asifiwe. Nitamwangalia mdogo wako." Usiniambie sikujua, mwanangu. Alinieleza kwa lugha ninayoielewa, nikamjibu kwa mzaha.

Siku yenyewe sikuwepo. Niliyoyajua nilielezwa na mpishi wa nyumba ile ya wageni kando ya barabara kuu, mama ambaye alikuwa akimenya viazi uani na aliona kila kitu. Karo lilikuwa kubwa, halijanyonywa miaka. Bomba likaziba. Matambara, akasema, na vitu vya wageni. Baba yako akatafuta mti mrefu wa kuzibulia. Festo akasema mti utachukua muda, kuna ngazi pale, ashuke mara moja alitoe lile tambara kwa mkono. Akavua shati akalifunga puani.

"Dakika moja tu, shemeji," alisema.

Alifika chini akasimama. Mpishi alisema kisha magoti yakamlegea taratibu kama mtu anayepiga magoti kusali. Hakupiga kelele. Obadia akamwita, "Festo! We Festo!" Akavua koti akashuka. Katikati ya ngazi akasimama kidogo, akatazama juu. Mpishi aliniambia alidhani anataka kupanda arudi. Hakupanda. Akashuka hatua zilizobaki, akamshika Festo kwapani, akamnyanyua kidogo, halafu wakaanguka wote wawili.

Alikuwa ameniahidi kumwangalia.

Mimi nilikuwa sokoni na viazi vyangu. Nilipofika wameshatolewa, wamelazwa kwenye nyasi, watu wanawamwagia maji kwa ndoo huku wamegeuza nyuso. Niliwapapasa kichwani, mgongoni, shingoni. Nilikuwa natafuta walipoumia. Hawakuwa na hata mchubuko.

Watu walisema mengi. Walisema walikuwa wamelewa ulanzi asubuhi yote, na Obadia alikuwa hanywi. Walisema karo lile lina jini. Wengine walinitazama mimi: mume wa mwanamke huyu na ndugu wa mwanamke huyu, shimo moja, siku moja, ninyi mnaona ni bure? Mwenye gari alikuja msibani, akalia kweli, akaondoka. Hakuna aliyeniambia kilichowaua. Si kwamba walinificha. Hawakujua.

Sehemu nyingine unaijua lakini hujawahi kunisikia nikiisema. Ndugu wa baba yako walitaka azikwe kwao Ludewa. Bibi yako alitaka Festo azikwe Lupembe. Siku ikawa moja. Gari moja likaelekea huku, jingine kule. Nikapanda na mume wangu, maana ndivyo mke anavyotakiwa, na wewe nikakupakata. Mdogo wangu alizikwa bila mimi. Niliporudi nikaenda Lupembe, nikamkuta mama yangu amekaa kwenye kizingiti. Sikujibiwa salamu. Alisema, "Umemtoa kwangu mzima, umenirudishia maiti, na kumfukia hukuja."

Ndiyo maana bibi yako haji hapa. Wewe humwona likizo, na hata juma lililopita ilibidi uende wewe kumuaga. Ulidhani ni miguu inamsumbua.

Gari lile likaegeshwa. Hakuna aliyetaka hata kuligusa. Masika ikaingia, na maji ya makaro ya mji huu hayana pa kwenda. Huku kwetu Lyamkena maji ya chooni yalikuwa yanatoka chini ya mifuniko yanatembea mtaani kama kijito, watoto wanayaruka wakienda shule. Uliharisha wewe mpaka macho yakaingia ndani. Nilikuwa nimekubeba kwenda zahanati na kila nyumba niliyoipita ilikuwa na mtu wa kubebwa. Foleni ilifika barabarani. Nikiwa nimekaa pale chini na wewe mapajani, niliwaza: hawa wote wanasubiri mtu kama Obadia.

Kampuni moja ikalinunua gari. Wakatangaza wanataka watu, na safari hii watafundishwa kwanza. Mji mzima tulijitokeza wanne. Wanaume watatu na mimi. Mkubwa wao alinitazama akasema, "Mama, kazi ya kufagia ofisi imeshapata mtu." Nikamwambia sikuja kufagia.

Watu wanadhani nilikwenda kwa njaa. Njaa ilikuwepo. Lakini nilikwenda kwa sababu nilitaka kujua.

Mwalimu alitoka Mbeya, mwanamume mwembamba mwenye sauti ndogo, ilibidi tumsogelee. Hakuanza na maneno. Alitupeleka kwenye karo moja tupu-tupu hivi, akafunua mfuniko, akafunga kifaa kidogo cha kupimia gesi kwenye kamba akakishusha. Juu hapa kilikuwa kimya. Kikashuka kidogo, kimya. Kilipofika kimo cha mtu aliyesimama chini, kikaanza kulia. Kililia kama kifaranga kilichopotewa na mama. Akakiacha kilie.

"Mnanusa nini?" akatuuliza.

"Yai viza," mmoja akasema.

"Hiyo ni salamu ya gesi ya karo tu. Ikiwa nyingi inaua kwanza pua. Unadhani imeondoka, unasema aa, kumbe si kubaya. Pumzi ya pili au ya tatu unaanguka. Hupati nafasi ya kupiga kelele. Na shati puani halisaidii kitu, ni kama kuzuia moshi kwa wavu."

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, mtu akishaanguka mle, aliye juu afanye nini?"

"Asishuke."

"Aite watu?"

"Aite watu, apulize hewa, amvute kwa kamba kama alikuwa amefungwa kamba. Asishuke."

"Hata kama ni mdogo wako?"

Akanitazama. Nadhani mtu alikuwa ameshamwambia habari zangu, au aliziona usoni. Akasema polepole, "Hata kama ni mdogo wako, mama. Hasa kama ni mdogo wako. Wengi ninaowasikia wamefia humo hawakushuka kufanya kazi. Walishuka kumfuata mtu."

Tulipumzika kwa chai. Mimi nikaenda nyuma ya jengo. Mwanangu, yale yote yalifundishwa kabla ya chai. Kilichomuua baba yako na mjomba wako, kitu nilichokililia miaka, kilichonigombanisha na mama yangu, kilichofanya watu wanitazame kama mchawi, mtu anaweza kukieleza asubuhi moja kwa kifaa kinachoenea kiganjani. Nilisikia hasira ambayo sikujua niipeleke wapi. Bado ninayo. Sitakudanganya kwamba ilikwisha.

Nilipanda gari nikaenda Lupembe kumwambia mama. Nilimkuta shambani na kikapu mgongoni. Nilimweleza vyote kama nilivyoelezwa, kwa Kibena, na gesi nikaiita pumzi mbaya maana sikuwa na neno jingine. Aliendelea kuchuma mpaka mwisho wa mstari. Kisha akasema, "Kwa hiyo ingezuilika."

"Ndiyo, mama."

"Ungeniachia uchawi wangu," akasema. "Huo nilikuwa nimeuzoea."

Nilifanya kosa pale. Nilikuwa nimebeba ule ukweli kwa ajili yangu, nisafishike machoni pake. Sikufikiri yeye atalala nao vipi. Utajifunza mambo mengi huko uendako, na mengine yatakuwa ya kweli kabisa. Mtazame mtu kwanza kabla hujamtua mzigo huo.

Katika wale wanne nimebaki mimi. Mmoja alikwenda migodini, mmoja ananunua parachichi Njombe mjini, mmoja mke wake alimwambia achague. Siwalaumu. Sasa kampuni inachukua vibarua, leo huyu kesho yule. Mwanzoni walifundishwa siku nzima, halafu nusu siku, siku hizi wanakabidhiwa gambuti na glavu na kuambiwa, "Mfuateni Mama Yusta." Nilimuuliza mkubwa kwa nini hawafundishwi. Akasema, "Nikiwafundisha wanaondoka." Nikamwambia, "Usipowafundisha nao wataondoka, ila hawatakwenda kwa miguu." Alicheka, akadhani natania.

Unakumbuka mwaka jana nilirudi nyumbani mkono wa ovaroli umechanika, nikalala bila kula wala kusema. Ulinipikia uji ukauacha kando ya kitanda. Siku ile kuna mwenye nyumba hapa Lyamkena alikuwa ameniita juma zima, choo kimejaa. Nilimwambia asubiri, gari ni moja na mtu anayejua kazi ni mmoja. Akachoka kusubiri. Akawachukua ndugu wawili wapakue kwa ndoo. Tulipofika na gari, kaka mtu alikuwa ameshaanguka ndani, na mdogo mtu yuko ukingoni anafunga shati puani.

Nilimrukia. Sikuwa na njia nyingine. Nilimwangusha chini nikamkalia kifuani, mimi mwanamke mzima na uzito wangu wote, nikawapigia kelele vibarua wawashe feni wapeleke hewa chini. Alinipiga. Alinichana nguo. Alikuwa analia, "Niache, ni kaka yangu, niache, we mama, unamuua!" Nilikuwa naona uso wa kaka yake kule chini upande mmoja, umegeukia juu. Sikumwachia. Tulimtoa kwa ndoano na winchi. Alikuwa ameshakufa. Pengine alikuwa ameshakufa kabla hatujafika. Pengine hapana. Hilo silijui na sitalijua.

Yule mdogo mtu alinitemea mate. Mpaka leo tukikutana anavuka barabara. Mwezi uliopita nilimwona amembeba mtoto wake mabegani, mtoto anamvuta masikio. Aliponiona akageuza uso. Mimi nilisimama nikamtazama mpaka alipopotelea kwenye vibanda. Hajui namtazamia nini.

Kwa hiyo uliponiuliza mbona wewe unaifanya, hilo ndilo jibu, wala si zuri. Sifanyi kwa sababu naipenda. Na nilipokukataza haikuwa kwa sababu ya harufu, ingawa nilisema ni harufu. Nilikuwa nakuona ukingoni, na chini kuna mtu unayempenda, na sikuwa na hakika utakachofanya. Wewe ni mtoto wa Obadia. Alikuwa na moyo ambao haukujua kusimama juu.

Watakufundisha vipimo, na mabwawa, na wadudu wasioonekana wanaokula uchafu, na mitambo ambayo mimi naisikia tu kwa jina. Jifunze vyote. Lakini kuna siku mtu mkubwa, mwenye haraka, atakwambia ni dakika moja tu. Atakuwa na sababu nzuri. Wateja wanasubiri, kifaa kimeharibika, mtu wa kamba hajafika. Mwache akuone mkaidi. Mwache akuite mwoga mbele za watu. Na ukiulizwa unasomea nini, kwenye basi, kanisani, ukweni siku ukienda, taja kazi yako kwa jina lake. Usiseme wewe ni dereva.

Sikupi baraka zangu kwa moyo mweupe, Asifiwe. Ningesema hivyo ungejua ni uongo, unanijua. Nakupa nikiwa naogopa, ndivyo zilivyo, zichukue hivyo hivyo.

Kuna jambo la mwisho, na ndilo lililonikalisha mezani nikaandika badala ya kukusubiri. Mchana huu mkubwa amenipigia. Kuna shule ya bweni nje kidogo ya mji, vyoo vimefurika mpaka mlango wa bwalo, watoto wameanza kuugua. Gari linatoka alfajiri. Nimemwambia kesho mwanangu anasafiri. Akasema sawa, nipumzike, atawatuma wale vibarua wawili wapya waende peke yao. Mmoja wao alianza juzi. Juzi hiyo hiyo aliniuliza kama karo lina maji ya kuogelea, nikacheka, halafu nikashindwa kucheka.

Nimemwambia mkubwa nitakwenda.

Kwa hiyo sitakuwepo stendi. Utaamka nimeshaondoka. Mama Riziki jirani atakusindikiza, na amesema atasimama mpaka basi liondoke. Wewe usinitafute kwa macho. Wakati unatoka Makambako, mimi nitakuwa nimesimama kwenye mdomo wa shimo, nimemshika mtoto wa mwenzangu ovaroli, namwambia asishuke, na atakuwa anakasirika.

Soma haraka, mwanangu. Halafu rudi unipokee, maana niko peke yangu na mikono yangu imeanza kuchoka.

Mama yako,
Yusta